Dar hadi Moshi polepole: wiki tatu za kushusha mazoezi kabla ya Kili Marathon

Wengi wetu huenda Moshi Ijumaa, tunakimbia Kilimanjaro Marathon Jumapili, na Jumanne tuko kazini. Mwaka 2025 nilikuwa na likizo iliyolimbikizana, nikaitumia kwenye zile wiki tatu za mwisho ambazo mkimbiaji hutakiwa akimbie kidogo na awaze kidogo. Hilo la pili ndilo gumu. Nilipanda kaskazini kwa vituo: Dar, Tanga, Lushoto, Moshi. Nimeyaandika haya baada ya kurudi, kwa msaada wa daftari, picha za simu na risiti zilizojikunja kwenye mfuko wa begi. Bei ni zile nilizolipa mimi Februari 2025, kwa hiyo ukizikuta zimepanda usinitafute.

Jumapili 2 Februari, Dar es Salaam

Mbio ndefu ya mwisho, kilomita 32. Tulianza saa kumi na nusu alfajiri pale Mwenge, tukashuka hadi Morocco, tukavuka Daraja la Tanzanite, tukarudi kwa ufukwe wa Coco, na mzunguko ukaanza upya. Dar ya Februari haina huruma. Saa moja na nusu tisheti ilikuwa inakamulika. Tukamalizia na dafu, 1,500 kila moja, tumekaa ukingoni tukitazama bahari bila mtu kusema neno.

Kuanzia hapo hesabu ni ya kutoa. Wiki zangu nzito zilikuwa za kilomita 70. Mpango ulisema wiki ya kwanza 50, ya pili 35, na wiki ya mwisho kama 15 kabla ya Jumapili yenyewe. Tafiti za michezo ya ustahimilivu zinakubaliana vizuri juu ya jambo hili: kwa wiki kama mbili, punguza umbali kwa asilimia 41 hadi 60, lakini kasi usiiguse, na idadi ya siku za kukimbia usiipunguze sana. Mwili unapata nafasi ya kuziba nyufa ndogo za misuli na kujaza akiba ya wanga. Anayelala wiki mbili kitandani anaamka na miguu mizito, na anayeendelea kama kawaida anafika mstarini akiwa bado anadaiwa usingizi.

Ijumaa 7 Februari, Dar hadi Tanga

Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, saa kumi na mbili asubuhi. Nauli 20,000. Hadi Chalinze ni malori na matuta, halafu barabara inafunguka, kisha trafiki, kisha hamsini kwa saa kila penye nyumba mbili. Gari lilisimamishwa mara nyingi hadi abiria wakaacha kuchungulia dirishani.

Mkimbiaji anaambiwa anywe maji, na basi halina choo. Niliwahi kiti cha upande wa njia ili niweze kusimama na kunyoosha miguu, na nilikunywa kwa kupiga hesabu ya vituo. Konda alipotangaza kuchimba dawa mbele ya Mkata, nilikuwa wa kwanza mlangoni. Usisubiri mpaka ubanwe, kwa sababu dereva mwenye haraka husimama akipenda yeye. Kinachoisaidia miguu zaidi ni kuvaa soksi ndefu zinazobana na kuchezesha vifundo vya miguu kila baada ya nusu saa hivi. Jirani yangu alidhani nina kifafa cha miguu, nikamweleza, na yeye akaanza kuchezesha vya kwake hadi Segera.

Jumapili 9 Februari, Tanga

Tanga ni tambarare na baiskeli ni nyingi kuliko haraka, ndiyo maana niliichagua. Kilomita 20 za polepole, nne za mwisho kwa kasi ya siku ya mashindano. Nilianza gizani, nikazunguka Raskazone, nikarudi mjini, nikaelekea njia ya Pongwe.

Huko ndiko alikonikuta mzee mmoja wa baiskeli, kanzu ameipandisha hadi magotini.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mwanangu, unakimbizwa na nani?"

Nikamwambia naenda Moshi. Hakusema kitu, akapunguza mwendo akawa sambamba nami. Kwenye duka la kwanza lililokuwa limefunguliwa akashuka, akanunua chupa ya maji, akanifikia tena na kunikabidhi bila kusimama. Tulikwenda hivyo hadi njia yake ilipokata kushoto. Alikataa hela. "Ukifika huko mlimani utaniombea," akasema, akakata kona.

Staftahi: maandazi na mbaazi za nazi, na chai ya tangawizi, 2,500 jumla. Ushauri kwa atakayefanya safari kama hii: wiki hizi si za kuonjaonja. Kachumbari na juisi za barabarani niliziacha, maji nilikunywa ya chupa, na usiku nililala ndani ya chandarua hata feni ilipokuwa inazunguka vizuri. Homa ya siku tatu katikati ya Februari inafuta kazi iliyoanza Novemba.

Jumatatu na Jumanne, 10 na 11 Februari, Tanga bado

Siku za kupumzika, na goti likaanza. Goti ambalo halijawahi kuniuma kwenye kilomita 32 za Dar liliamka Jumatatu likiuma kwa kukaa kwenye kiti. Nikalikanda, nikalitazama kwenye kioo, nikalilinganisha na mwenzake. Jumanne asubuhi lilikuwa limepona na maumivu yamehamia kisigino cha mguu mwingine. Hapo nikacheka. Maumivu yanayohama kila siku, yasiyovimba na yasiyobadilisha hatua zako, ni ya akili iliyokosa kazi. Yanayobaki palepale na kukufanya uchechemee, hayo mpelekee daktari.

Kibaya zaidi ni simu. Kwenye kundi letu la WhatsApp kuna watu walikuwa bado wanaposti kilomita 28, kilomita 30, na ramani nyekundu chini yake, na mtu mwenye kilomita sita za polepole kwenye ratiba yake anajiona mvivu. Nikalizima kundi hadi tarehe 23. Maoni yangu, na najua yatawaudhi: anayekimbia 30 siku kumi na mbili kabla anauza marathoni yake kwa ajili ya picha.

Badala yake nilichukua daftari la mazoezi na kila usiku nikasoma ukurasa mmoja wa nyuma. Kuna ule wa Novemba, mvua imejaa Msasani, tumekimbia tukiwa tumeshika raba mkononi penye madimbwi. Kuna wa Krismasi, nimeandika neno moja tu, "Nimekwenda." Kusoma vile kulinipa nguvu kuliko video yoyote ya kuhamasisha, maana aliyekuwa anasimuliwa ni mimi.

Jumatano 12 Februari, Tanga hadi Lushoto

Kosta kutoka Tanga kwa 12,000, kupitia Muheza, Segera, Korogwe na mashamba ya mkonge, hadi Mombo. Hapo barabara inaacha tambarare na kuanza kupanda Usambara, kona juu ya kona, mto uko chini upande mmoja.

Tulikwama kabla ya Soni. Lori la kabichi lilikuwa limezimika kwenye kona, mkia umeziba njia yote. Saa nzima, kisha nyingine. Abiria wakashuka, wanaume wakaenda kushauri, na ushauri ukawa mwingi kuliko spana. Mama mmoja aliyekuwa amepakata ndoo ya mapeasi akaanza kuyagawa, kila mtu moja, dereva mawili.

"Na wewe binti mwembamba, chukua mawili."

"Mama, nalipa."

"Unalipa nini, yameshaanza kulainika."

Lori lilitolewa kwa kamba na kosta iliyokuwa inashuka. Tukaingia Lushoto jua linazama, na kwa mara ya kwanza tangu Dar nikatoa sweta.

Alhamisi hadi Jumapili, 13 hadi 16 Februari, Lushoto

Chumba safi 25,000, maji ya moto kwenye ndoo, blanketi mbili. Usingizi wa Lushoto ndio uliokuwa sababu ya kuja. Mji uko kwenye mita kama 1,400, usiku unabaridi, na nililala saa tisa kwa mkupuo, jambo ambalo Dar ya Februari hairuhusu.

Ila Lushoto ina majaribu. Kila kijana pale stendi ni mwongoza wageni, na kila safari ni ya mguu: msitu wa Magamba, vijiji, maporomoko, mwamba wa Irente. Mmoja alinifuata hadi mgahawani na ramani aliyoichora kwa kalamu. Nilimweleza kwamba nimekuja kutotembea. Alinitazama kwa huruma. Irente nilikwenda kwa bodaboda, 5,000 kwenda na kurudi akinisubiri, nikakaa juu ya mwamba nikitazama tambarare ya Mombo huko chini na barabara ya Moshi, uzi mwembamba. Pale karibu kuna shamba wanakouza mkate na jibini ya kwao. Mkate ule nilikula siku zote nilizokuwepo.

Ijumaa nilifanya kazi ya kasi: kupasha misuli dakika kumi na tano, halafu dakika moja haraka na mbili taratibu, mara sita. Ni kidogo mno kuchosha, lakini inaikumbusha miguu kwamba haijastaafu. Jumapili kilomita 13, na hapa kuna mbinu ambayo naipendekeza kwa yeyote atakayeishia milimani wiki hizo. Kupanda kunachosha pumzi, na pumzi hurudi baada ya nusu saa. Kushuka kunapasua mapaja, kwa sababu msuli unafanya kazi ya breki huku unavutwa, na kidonda chake kinadumu siku kadhaa. Kwa hiyo nilikimbia upande wa kupanda tu, na kileleni nikasimamisha boda.

"Dada, umechoka?"

"Sijachoka. Sitaki kushuka kwa miguu."

Akazima injini apate kuelewa. "Umepanda mbio, halafu kushuka, ambako ni rahisi, ndiko unapanda pikipiki?"

"Ndiyo."

"Haya. Elfu mbili."

Jumatatu 17 Februari, Lushoto hadi Moshi

Noah hadi Mombo 5,000, tumebanana, mguu mmoja uko juu ya gunia la karoti. Pale Mombo inabidi usubiri basi linalotoka Dar, na mabasi ya siku hiyo yalikuja yamejaa. Nilisubiri kuanzia saa nne hadi karibu saa nane. Mamalishe aliyekuwa ng'ambo ya barabara aliniona nimesimama juani akanituma mtoto na kiti cha plastiki. Nikahamia kwake kivulini, nikala wali na samaki kwa 4,000, na yeye ndiye aliyekuwa akiwapungia makondakta kwa niaba yangu.

Mezani alikuwepo mzee mstaafu wa reli. Alipojua ninakokwenda akauliza leo nimefanya mazoezi gani. Nikasema leo ni kupumzika, na kesho karibu vivyo hivyo.

"Sasa mtu anashindaje kwa kukaa?"

Nilijaribu kumweleza habari za akiba ya wanga. Akaipokea kwa adabu, kisha akahamia kwa Juma Ikangaa, mkimbiaji wetu wa marathoni, ambaye kumbe alimfuatilia redioni miaka yote ile. Boston 1988 alipitwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja. Miaka miwili iliyofuata, Boston hiyohiyo, wa pili tena na tena. Katikati yake, Novemba 1989, akaenda New York akashinda kwa 2:08:01. "Wa pili mara tatu," mzee akasema akiinua vidole, "na kila mwaka anarudi kukaa mbele ya kundi, hajifichi nyuma ya mtu. Wewe goti lako linauma ukiwa umekaa?" Nilikuwa nimeshamsimulia na goti. Mamalishe akacheka hadi akaweka mwiko chini.

Basi lilipopatikana, kiti kilikuwa cha nyuma kabisa, 20,000. Same, Mwanga, joto la kukausha macho, milima ya Upare upande wa kulia. Mlima wenyewe ulikuwa ndani ya mawingu tulipoingia Moshi.

Jumatatu hiyo usiku, Moshi

Nilikuwa nimelipia chumba nusu tangu Januari. Nilipofika, chumba kimeshapewa wengine, na hela yangu ingerudishwa "kesho". Wiki ya marathoni mji unajaa na bei zinapanda, kwa hiyo kila niliyempigia alinijibu kabla sijamaliza swali. Dada wa mapokezi ndiye aliyeona aibu kwa niaba ya mwajiri wake. Akampigia shangazi yake anayekaa mtaa wa Pasua, akaniitia bajaji, akamwambia dereva asinizidishie. Saa tatu usiku nilikuwa nakula mtori jikoni kwa mtu ambaye sikuwa nikimjua asubuhi ile. Tulikubaliana 15,000 kwa usiku pamoja na chakula, na kwa chakula kile alikuwa anapata hasara.

Funzo la vitendo: dai risiti yenye tarehe na jina, piga simu kuthibitisha wiki moja kabla na tena siku ya safari, na uwe na namba ya nyumba ya pili.

Jumanne hadi Jumamosi, 18 hadi 22 Februari

Jumanne kilomita sita, mbili za katikati kwa kasi ya mashindano. Alhamisi tano. Ijumaa hakuna. Jumamosi dakika ishirini za kujivuta na mikimbio mifupi minne. Basi. Mengine yote yalikuwa kukaa barazani na shangazi yule, Mama (hivyo ndivyo nilivyomwita tangu asubuhi ya kwanza), nikimenya ndizi, kazi aliyonipa baada ya kuniona nakwenda dirishani kila baada ya dakika kumi.

Namba ya mbio nilichukua Alhamisi. Foleni ilikuwa ya nusu saa. Waliokwenda Jumamosi walisimama juani muda mrefu, na kusimama ni kazi ya miguu. Wanaotoka Dar wanaweza kuchukulia hukohuko wakati wa ugawaji kabla ya wiki ya mbio. Kitambulisho na ujumbe wa malipo uwe navyo mkononi.

Chakula: siku mbili za mwisho lengo ni gramu 8 hadi 10 za wanga kwa kila kilo ya mwili. Mimi nina kilo 58, kwa hiyo kama gramu 460 hadi 580 kwa siku. Sahani iliyojaa ya wali ina 80 hadi 90. Piga hesabu, uone kwamba ni kazi. Nilikula wali, ndizi, viazi vitamu, uji wenye sukari na mkate, nikapunguza maharage, mboga za majani na nyama ya mafuta ili tumbo liwe jepesi Jumapili. Kilo moja na nusu ikaongezeka kwenye mzani wa duka la dawa. Msishtuke. Kila gramu ya glaikojeni, yaani ile akiba ya wanga, inayowekwa kwenye misuli inashika kama gramu tatu za maji, na maji hayo utayahitaji.

Ugomvi pekee na Mama ulikuwa juu ya mbege, pombe ya ndizi. Ijumaa jioni walikuja ndugu, kibuyu kikazunguka, na mgeni anayekataa anauliziwa ugonjwa wake. Mama akanitetea: "Mwacheni, huyu ana mtihani Jumapili." Wakaniwekea cha kwangu kwenye chupa.

Jumamosi usiku nililala kwa muda wa labda saa nne tu. Haidhuru. Usingizi wenye kazi ni wa juzi yake na siku zilizotangulia, na huo nilikuwa nimeuchukua Lushoto.

Jumapili 23 Februari

Tulianza saa kumi na mbili na nusu, Chuo Kikuu cha Ushirika. Nusu ya kwanza ni mjini na kwenye barabara kuu kuelekea Himo na kurudi, njia ya kudanganya, kwa sababu ni rahisi na kuna ubaridi na kila mtu anakupita. Miguu yangu ilikuwa inataka kwenda. Baada ya wiki tatu za kufungiwa, kilomita tano za kwanza zilijiona kama za kutembea, na ilibidi nitazame saa kila dakika ili nisiifuate hamu. Hatari ya kupumzika vizuri ndiyo hiyo, na ni afadhali uijue mapema.

Halafu Mweka. Mpando mrefu kati ya migomba na kahawa, watoto wananyoosha mikono wagongwe viganja, bibi mmoja amesimama mlangoni na jagi la maji lisilo la waandaaji. Hapo ndipo akiba ilipojitokeza. Niliwapita watu kwa hatua fupi, bila kuongeza kasi. Mlima ulijifunua kidogo karibu na kugeuzia, theluji kidogo juu. Kushuka kuliniumiza kuanzia kilomita ya 36 kama kunavyomuumiza kila mtu. Kushusha mazoezi hakubadilishi jiografia. Nilimaliza kwa saa nne na dakika 21.

Mbege ilikuwa imechachuka zaidi. Nilikunywa.

Jumanne 25 Februari, Moshi hadi Dar

Nauli 45,000, saa kumi na moja njiani. Safari nzima, vituo vyote, vyumba, chakula na boda, ilinigharimu kama 720,000 bila ada ya kujiandikisha. Ukiikata Lushoto unaokoa zaidi ya laki na nusu, lakini ningekata Tanga kwanza.

Nusu ya basi walikuwa wakimbiaji. Tuliposimama Korogwe kwa chakula, foleni ya kushuka ilikwama ngazini, kila mtu anashika vyuma viwili na kujipindua. Konda akapanda juu ya kiti: "Jamani wa medali! Nyie shukeni mwisho, mnachelewesha wenye njaa."